Ishirini na Moja: Historia ya Mchezo wa Karata na Tatizo la Kuutaja kwa Kiswahili

Si siku nyingi zilizopita tuliletewa mezani rasimu ya kanuni za mchezo mmoja wa karata uchezwao katika kasino. Mfasiri aliyeiandaa ni mtu makini, na hakutuomba zaidi ya kumthibitishia istilahi chache kabla ya kazi yake kupigwa chapa. Istilahi ya kwanza katika orodha yake ilikuwa jina la mchezo wenyewe, ule ambao Wamarekani huuita blackjack. Yeye alikuwa ameandika "jeki mweusi". Tuliulizana sisi kwa sisi jeki huyo ni nani, na weusi wake una kazi gani katika mchezo, na hapakuwa na aliyejibu. Kanuni alizozitafsiri zilikuwa na kurasa kadhaa, na katika kurasa zote hizo jeki hana cheo chochote cha pekee, awe mweusi au mwekundu.

Wapo wasomaji watakaoona kuwa jambo hili halistahili nafasi katika jarida la lugha. Wengine dini zao zimeharimisha kamari, nasi hatuna nia ya kuwashawishi waione vingine. Lakini mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha mabadiliko yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na michezo ya kubahatisha inayo sheria yake tangu mwaka 2003. Mtu aliyepoteza fedha akaenda kushtaki, hakimu atakayemsikiliza, na mkaguzi atakayetumwa kukagua meza, wote watatu watahitaji neno moja lenye maana moja. Basi yatupasa tulijue neno hilo limetoka wapi.

Kwa faida ya asiyeujua, mchezo huu kila mchezaji hushindana na mgawaji peke yake, wala wachezaji hawashindani wao kwa wao. Karata za 2 hadi 10 huhesabiwa kwa namba yake. Zenye picha za watu huhesabiwa 10. Na ree, yaani karata ya moja, huhesabiwa 1 au 11 kwa kadiri inavyomfaa mwenye nayo. Mchezaji hupewa karata mbili, kisha huomba nyingine moja moja mpaka atosheke. Shabaha ni kuikaribia 21 bila kuipita. Mgawaji hana hiari: akiwa na 16 au pungufu sharti aongeze, na akifika 17 husimama, ingawa ziko meza zinazomlazimu kuendelea pale ambapo 17 yake ina ree iliyohesabiwa 11. Faida ya mwenye nyumba yatokana na jambo moja dogo sana, nalo ni kwamba mchezaji hutangulia. Akiipita 21 dau lake huchukuliwa papo hapo, hata kama baadaye mgawaji naye ataipita.

Sasa tuitazame historia. Ushahidi wa kale unaotajwa zaidi watoka Uhispania, katika hadithi ya Miguel de Cervantes iitwayo "Rinconete y Cortadillo", iliyochapishwa mwaka 1613. Vijana wawili walaghai wanakutana katika nyumba ya wageni njiani. Mmoja anajisifu kwamba hakati karata bila kuhakikisha ree imebaki chini, tena anaeleza faida yake: katika mchezo wa veintiuna, mwenye hakika ya kuanza na ree anayo karata inayoweza kuwa moja na inayoweza kuwa kumi na moja. Baadaye wanamkaribisha mwendesha nyumbu mchezoni, na kwa muda wa nusu saa wanamnyang'anya reale 12 na maravedi 22. Veintiuna maana yake ni ishirini na moja. Kwa hiyo zaidi ya miaka 400 iliyopita mchezo ulikwisha kuwa na shabaha yake ya leo, ree yake yenye thamani mbili, na jina lake la hesabu. Twaweza kuongeza kwamba ulikuwa na walaghai wake pia.

Wafaransa wakauita vingt-un, baadaye vingt-et-un. Jina limegeuka lugha tu, maana ni ile ile. Karne ya 18 ilipokuwa ikielekea mwisho mchezo ulivuka bahari hadi Uingereza, na huko haukuwa mchezo wa wahuni. Ulichezwa sebuleni kwa watu wa heshima, baada ya chakula cha jioni. Katika riwaya ya Jane Austen "Pride and Prejudice", ya mwaka 1813, kuupenda mchezo huu kuliko mwingine ni moja ya mambo machache ambayo wapenzi wawili wamekwisha kuyafahamu kuhusu wenzao. Waingereza hao waliliacha jina katika Kifaransa chake. Miaka 100 baadaye, askari wao katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao Kifaransa chao hakikuwa cha sebuleni, walikuwa wakiuita pontoon. Wanaisimu huliona neno hilo kuwa ni vingt-un iliyopondwa na ndimi za watu. Kwa Kiingereza neno hilo hilo lina maana ya mtumbwi mpana wa kutandazia daraja, lakini hatujasikia kwamba kuna taifa lililoutafsiri mchezo huu kuwa "daraja la mitumbwi". Wajerumani nao wana njia yao: huuita Siebzehn und Vier, yaani kumi na saba na nne. Ni 21 ile ile, imefikiwa kwa kujumlisha.

Marekani nako ulifika ukiwa na jina la Kifaransa. Mwaka 1854 mwanamke mmoja aliyejulikana kwa jina la Eleanor Dumont alifungua ukumbi wa kamari katika mji wa wachimba dhahabu wa Nevada City, jimbo la California, akauita kwa jina la mchezo huo. Mwenyewe ndiye aliyegawa karata. Wachimbaji walifuata ukumbi wake ingawa aliwataka wavue kofia na wasiteme mate sakafuni. Twamtaja kwa sababu anatuonyesha kwamba hata katikati ya karne ya 19, na hata miongoni mwa wachimbaji, blackjack halikuwa bado jina la mchezo huu.

Basi lilitoka wapi? Hadithi iliyoenea, ambayo msomaji ataikuta katika vitabu vingi, yasema hivi: kasino za Marekani, ili kuwavutia wateja, ziliahidi malipo ya dau mara 10 kwa yeyote atakayepata ree ya shupaza pamoja na jeki wa shupaza au wa pau, yaani jeki mweusi. Ahadi ikafutwa, jina likabaki. Ni hadithi nzuri, na kama ingekuwa kweli mfasiri wetu angekuwa na hoja. Lakini Thierry Depaulis, Mfaransa aliyetumia maisha yake kuchunguza historia ya karata, ameionyesha kuwa haina msingi. Jina hilo alilikuta miongoni mwa watu waliokimbilia dhahabu ya Klondike, kaskazini mwa Kanada, kati ya mwaka 1896 na 1899, na tuzo iliyotolewa ilikuwa ya ree pamoja na karata yoyote yenye thamani ya 10. Jeki hakuhitajika. Kwa Kiingereza cha wachimbaji, blackjack lilikuwa pia jina la madini ya zinki, ambayo mara nyingi huonekana palipo na dhahabu au fedha. Depaulis anafikiri kuwa wachimbaji walilihamisha jina hilo kutoka mwambani hadi mezani: aliyeshika ree na kumi alikuwa kama mtu aliyeliona jiwe lenye kuashiria mali.

Tuseme dhana hiyo ya mwisho haina hakika kamili. Jambo lililo muhimu kwetu halitegemei dhana, nalo ni kwamba neno hili lilianza kama jina la mkono fulani, yaani karata mbili fulani, na baadaye likaumeza mchezo mzima. Tena halikuumeza wote. Sheria ya jimbo la Nevada, ambako kamari iliruhusiwa upya mwaka 1931, hadi leo huorodhesha "twenty-one" na "blackjack" bega kwa bega, kana kwamba mtunga sheria hakutaka mtu yeyote apite katikati ya majina hayo mawili. Na mwaka 1961, Edward Thorp alipotoa makala yake ya hisabati katika jarida la chuo cha sayansi cha taifa la Marekani, alitumia katika anwani jina la namba.

Hapa twaomba ruhusa ya kurudi nyumbani, kwa kuwa mara nyingi mfasiri hutafuta ng'ambo kitu kilichomo ndani ya kabati lake. Watu wa pwani yetu hawakufundishwa karata na Waingereza. Walizipata kwa Wareno, ambao walifika mwaka 1498 na kushikilia ngome ya Mombasa hadi mwaka 1698, na msamiati wake karibu wote ungali na sauti yao: karata ni carta, kopa ni copas, uru ni ouros, pau ni paus, shupaza ni espadas, turufu ni trunfo, na seti, yaani karata ya saba, ni sete. Hata maana za kale zimehifadhiwa humo bila sisi kujua. Alama iitwayo pau imechorwa kama jani lenye ncha tatu, na jina lake kwa Kireno ni marungu. Kopa imechorwa moyo, na jina lake ni vikombe. Uru ni dhahabu, shupaza ni panga. Majina hayo ni ya karata za kale za Kihispania na Kireno, zilizochorwa panga, marungu, vikombe na sarafu za dhahabu. Michoro tuliyo nayo leo ni ya Kifaransa. Picha zimebadilika, majina yamebaki. Ama ree, sauti yake yatukumbusha rei, mfalme wa Wareno, ila kwetu imekuwa karata ya moja. Mfalme amepanda akawa namba.

Yaliyo bora zaidi ni majina ya zile karata za picha, ambayo kamusi za zamani zimeyarekodi: mzungu wa pili ni malkia, mzungu wa tatu ni ghulamu, yaani jeki, na mzungu wa nne ni mfalme. Mgeni hushangaa kwa nini malkia awe chini ya kijana wake. Jawabu limo katika michezo ya Kireno, kama bisca, ambamo malkia ana pointi 2, jeki 3, mfalme 4, saba 10 na ree 11. Kwa hiyo "wa pili", "wa tatu" na "wa nne" si daraja za ukubwa, bali ni thamani. Jumlisha pointi hizo katika rangi moja utapata 30, na katika rangi nne utapata 120. Anayezidi nusu ameshinda, na kuzidi nusu ni kupata 61. Ndiyo maana wazee wa pwani wakauita mchezo wao wahedi wa sitini.

Msomaji ameona tunakoelekea. Wahispania waliutaja mchezo kwa hesabu inayotafutwa, Wafaransa vivyo hivyo, Wajerumani vivyo hivyo kwa kuzunguka, na Waswahili, kwa mchezo mwingine kabisa, walifanya vivyo hivyo bila kuelekezwa na mtu. Jina "ishirini na moja" halihitaji kuombewa kibali. Limekaa katika desturi yetu wenyewe ya kutaja michezo, na si geni kwa wachezaji.

Hata hivyo mtego mmoja wabaki. Mzee aliyezoea wahedi wa sitini akisoma kanuni zinazosema "mzungu wa nne", kichwani mwake karata hiyo ina pointi 4. Katika ishirini na moja ina 10, sawasawa na wenzake wawili. Kwa sababu hiyo tulimshauri mfasiri atumie mfalme, malkia na jeki anapotaja karata moja moja, na aseme "wazungu wote huhesabiwa 10" mahali pamoja tu, pale thamani zinapoelezwa. Mwenzetu mmoja hapa ofisini, mzaliwa wa Lamu, hakuridhika na ushauri huu. Anaona tunauza mali ya urithi. Huenda ana haki, lakini kanuni za malipo si mahali pa kuonyeshea urithi.

Tukaja kwenye jambo lililotufanya tuiandike makala hii. Katika rasimu ile ilikuwapo sentensi isemayo kwamba "jeki mweusi hulipwa tatu kwa mbili". Maana yake ni kuwa aliyeweka dau la shilingi 10,000 hupewa faida ya 15,000 badala ya 10,000. Mtu mwingine, akitaka kurekebisha, alikuwa amelifuta jina hilo kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "ishirini na moja". Jina la mchezo likawa limesahihishwa, na kanuni ikaharibika. Kwa maneno hayo mapya, aliye na 7, 8 na 6 naye ana ishirini na moja, na angeweza kudai malipo ya tatu kwa mbili; mgawaji angekataa, kwa kuwa malipo hayo ni ya ree na karata ya 10 zilizopatikana kwa mgao wa kwanza tu. Nani angekuwa na haki mbele ya hakimu asomaye Kiswahili? Bila shaka mchezaji. Na meza nyingi siku hizi hulipa sita kwa tano, yaani 12,000 kwa dau lile lile, hivyo kanuni isiyotofautisha mkono na mchezo humficha mteja hata jambo hilo.

Pendekezo letu ni kuyatenga majina mawili. Mchezo uitwe ishirini na moja. Mkono wa ree na kumi uitwe blakjeki, kwa matamshi yetu na bila kutafsiriwa, au katika maandishi ya kisheria "ishirini na moja ya karata mbili za kwanza". Kwa kufanya hivyo tutakuwa tumelirudisha neno lile pale lilipokuwa Klondike, kabla ya kupanda cheo.

Neno jingine lililotusumbua ni "bima". Ree ya mgawaji inapokuwa wazi, mchezaji huruhusiwa kuweka dau la pili, lisilozidi nusu ya lile la kwanza, kwamba karata ya mgawaji iliyofunikwa ni 10. Ikiwa ndivyo, dau hilo hulipwa mbili kwa moja. Kasino za Marekani huliita bima, na mfasiri akafuata. Lakini bima, kama watumishi wa serikali wanavyoijua, hukinga mali uliyo nayo. Dau hili halikingi chochote. Ni dau jipya juu ya karata nyingine. Tupige hesabu. Katika furushi moja la karata 52 zimo karata 16 zenye thamani ya 10. Tuseme mchezaji anazo mbili kati ya hizo, yaani ana 20, mkono mzuri ambao kila mtu angependa kuukinga. Karata asizoziona ni 49, na kati ya hizo zenye 10 ni 14. Akirudia dau la shilingi 1,000 mara 49 kwa hali hiyo, kwa wastani atapata 28,000 na kupoteza 35,000. Kwa hiyo anayeonekana kuwa na sababu kubwa zaidi ya kukata "bima" ndiye anayeumia zaidi. Neno lililochaguliwa na muuzaji hufanya kazi ya muuzaji. Tumependekeza "dau la pembeni la ree", ambalo halina utamu wowote, na ndivyo tunavyotaka.

La mwisho ni zito kuliko yote. Mwaka 1956 Wamarekani wanne waliokuwa jeshini katika kituo cha Aberdeen, Maryland, yaani Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha katika jarida la chama cha wanatakwimu hesabu ya namna bora ya kuucheza mchezo huu. Waliifanya kwa mashine za kujumlishia za mezani. Thorp akaiendeleza kwa kompyuta ya IBM 704, na mwaka 1962 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba anayekumbuka karata zilizokwisha kutoka anaweza kumshinda mwenye nyumba, kwa kuwa furushi lililobakiwa na ree na kumi nyingi humfaa mchezaji. Hata lile dau la pembeni wakati huo huwa na faida. Mwaka 1964 kasino za Las Vegas zilibadili kanuni ili kumzuia. Wateja wakapungua, na baada ya wiki chache zikarudia kanuni za zamani.

Rasimu iliyoletwa kwetu ililiita jambo hili "udanganyifu wa kuhesabu karata". Kiingereza chake hakikuwa na neno udanganyifu. Mfasiri aliliongeza kwa nia njema, akidhani anafafanua. Walaghai wa Cervantes, walioficha ree chini ya furushi, walidanganya. Anayetazama karata zilizo wazi mezani na kuzikumbuka hakumgusa mtu wala kitu. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya jimbo la New Jersey iliamua, katika shauri la mchezaji Ken Uston, kwamba kasino haina mamlaka ya kumfukuza mtu kwa sababu tu ya kuhesabu, ikiwa tume ya serikali haijaweka kanuni ya kumzuia. Nevada yenyewe, ambako kasino huweza kumwambia mtu huyo atoke, ilipotunga sheria ya jinai mwaka 1985 ilikataza vifaa vya kuhesabia, si kichwa. Neno moja la ziada katika Kiswahili lingeweza kumpeleka mtu mahabusu kwa kosa ambalo halimo katika sheria iliyotafsiriwa. Tulilifuta, na pembeni tukaandika "kuhesabu karata" tu.

Yako maneno ambayo hatujayamaliza. Kwa kugawa, kukata na kuchanga karata lugha haina upungufu. Kwa anayekataa karata nyingine tumependa "natosheka". Ila kwa yule aliyeipita 21 tuna "amezidi", ambalo ni sahihi lakini limepoa, na wengine wametuletea "ameungua", lenye moto wa mchezo ila halijapata kusikika kila mahali. Wachezaji wa wahedi wa sitini walio Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu watatufaa sana wakituandikia wao husema nini mtu anapoharibikiwa, nasi tutayachapa majibu yao pamoja na mahali yalikotoka.